Akwariamu isiyopiga kelele usiku

Ndani ya kisanduku cha maswali wiki hii mlikuwa karatasi tatu kuhusu mboji, moja kuhusu deni la kikundi (hiyo nimempelekea mama mtunza hazina, mimi si kazi yangu), na moja ya kurasa mbili, mbele na nyuma. Imeandikwa na yaya mmoja wa shirika letu mwenye saloni ya kusuka nywele ndani ya nyumba anamoishi. Pale mbele ameweka akwariamu ya lita 200 yenye samaki wadogo wa ziwa letu, wale wanaolala ndani ya magamba matupu ya konokono. Wateja wanaipenda. Mtu anakubali kukaa masaa manne kichwa kimeinamishwa kwa sababu macho yana cha kutazama, na watoto waliokuja na mama zao hawasumbui.

Shida ni usiku. Jamaa inalala upande wa pili wa rido, na maji yanayoshuka kutoka akwariamu kwenda sanduku la chini yanafanya mlio, anasema, kama choo kisichomaliza kujisafisha. Mama mkwe wake, aliyekuja mjini kutibiwa macho na anayekaa nao kwa sasa, amesema wazi mbele ya watoto: samaki au yeye. Yaya anauliza: “Mwalimu, naweza kujitengenezea njia ya maji isiyopiga kelele, bila kutoa samaki?”

Anaweza. Vifaa vyote vinapatikana hapa Kalemie, kwa wauza tuyo za plastiki na kwa mafundi wa vioo. Lakini ndani ya swali lake mna swali lingine ambalo hakuandika, nami nitaliweka mbele: umeme ukikatika saa nne za usiku na kurudi saa tisa watu wakiwa wamelala, maji yatakuwa wapi? Kelele inaharibu usingizi. Maji kwenye sakafu penye ralonji ya umeme yanaweza kuua mtu aliyeamka kwenda kumnyonyesha mtoto. Ndiyo sababu sitaeleza namna ya kunyamazisha maji bila kueleza namna ya kuyafunga yasitoke. Kwa bahati nzuri kazi zote mbili zinafanywa na tuyo zilezile.

Wasiofuga samaki wasiruke ukurasa. Mwenye tangi la maji ya mvua kwenye parsele yake atakuta humu mambo yanayomhusu, hasa pale tutakapofika kwenye tuyo ya pili.

Tuanze na kitu tunachokiona kila siku. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, na mto mmoja tu unatoka: Lukuga, hapa hapa mjini kwetu, unaoelekea Lualaba na mwisho wake baharini Atlantiki. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupaa kwa jua, lakini yanayozidi hupitia Lukuga. Mvua ikinyesha sana, ziwa linapanda kidogo, Lukuga inachukua zaidi. Kiangazi kikija, inachukua kidogo. Hiyo ndiyo njia ya maji ya ziada: mdomo uliowekwa kwenye kimo fulani, na kimo cha mdomo ndicho kinachoamua maji yasimame wapi. Lakini mdomo ukiziba? Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta Lukuga imezibwa na mchanga na majani ya mafunjo, na ziwa lilikuwa juu. Miaka michache baadaye maji yalipasua kizuizi hicho, ziwa likashuka. Na mdomo ukiwa wazi lakini mdogo kuliko maji yanayoingia, wenye nyumba za pwani wanakumbuka mwaka 2024 bila mimi kuwaeleza.

Akwariamu ya yaya ni ziwa dogo la namna hiyo. Pompi iliyo ndani ya sanduku la chini inapandisha maji. Maji yanayozidi yanavuka ukingo na kushuka tena chini, yakipitia sponji linalokamata uchafu. Faida ni nyingi. Maji ya juu kabisa, yenye utando wa mafuta ya chakula cha samaki na vumbi, ndiyo yanayoondoka kwanza, kwa hiyo hewa inaingia vizuri majini. Maji ya akwariamu hayashuki kwa sababu ya jua. Yanashuka kwenye sanduku la chini tu. Na pompi na waya hazionekani na wateja.

Sasa kelele. Watoto wangu wa kalasi ya tano huijifunza kwa chupa. Jaza maji chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, igeuze kichwa chini: gulu-gulu-gulu. Maji yanataka kutoka, hewa inataka kuingia, na shingo ni moja, basi zinapishana kwa zamu, na kila zamu ni mlio mmoja. Rudia, lakini safari hii ingiza mrija unaopita shingoni na kufika mpaka kwenye hewa iliyo ndani, huku ncha nyingine ikibaki nje. Maji yanatoka kwa utulivu, kwa sababu hewa imepata njia yake.

Tuyo ya yaya iko katika hali ya chupa ya kwanza. Ni tuyo moja iliyosimama wima, mdomo wazi, kwenye kimo cha maji. Maji yanaingia yakizunguka na kunyonya hewa katikati, yanashuka yakiwa yamechanganyika nayo, tuyo inajaa kidogo, inaachia, inajaa tena. Mafundi wengi humwambia mtu aweke tuyo kubwa zaidi. Mimi sikubaliani nao sana. Tuyo kubwa inapunguza mlio lakini haiumalizi, na inakula nafasi ya samaki. Tuyo iko kimya kabisa katika hali moja: ikiwa imejaa maji tupu toka juu hadi chini, bila hewa yoyote ndani. Hapo maji yanapita kama ndani ya mpira wa kumwagilia uliozamishwa, na sikio halisikii kitu.

Basi kwa nini tusiijaze tu? Kwa sababu tuyo iliyojaa inapitisha maji mengi mno. Tuyo ya milimita 32 inayoshuka kimo cha meza inaweza kumeza maji kupita kiasi ambacho pompi ndogo inaleta. Inamaliza maji yaliyo juu, inafika kwenye hewa, na gulu-gulu inarudi. Dawa ni kuifunga kidogo kwa robine mpaka inayoingia na inayotoka zilingane. Na hapo ndipo hatari inapoingia, kwa sababu tuyo iliyobanwa na robine haina nafasi ya makosa. Jani moja, konokono mmoja, na maji yanapanda.

Ndiyo maana tuyo zinakuwa mbili. Ya kwanza ina robine, inafanya kazi yote, iko kimya. Ya pili haina robine wala kizuizi cho chote, mdomo wake uko juu kidogo, na siku zote inabaki tupu au inapokea mchirizi mdogo tu. Ya kwanza ikiziba, maji yanapanda sentimita chache na kuingia ya pili. Na kwa kuwa ya pili itakuwa na hewa ndani, itapiga kelele. Mwacheni apige! Hiyo ndiyo kengele yenu. Mama mkwe akiamka usiku na kusema choo chenu kimeanza tena, yaya ajue kwamba tuyo ya kwanza inahitaji kusafishwa asubuhi, na nyumba imebaki kavu. Mwenye tangi la mvua naye afanye hivyo: tuyo ya pili isiyo na robine, yenye unene sawa na ile inayoingiza maji au zaidi, iliyoelekezwa mbali na msingi wa nyumba.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Akwariamu ya yaya ina urefu wa sentimita 100, upana 40, kimo 50. Tayari ina tundu moja kwenye kioo cha nyuma, juu. Anahitaji la pili pembeni yake, kimo kilekile. Amwite fundi wa vioo mwenye kekee ya almasi, ile ya mviringo. Akwariamu iwe tupu na kavu, samaki wawe kwenye ndoo pana zenye maji yao wenyewe. Kioo kitobolewe polepole bila kukandamizwa, kikimwagiwa maji muda wote ili kisipate moto. Kati ya tundu na ukingo wa kioo, na kati ya tundu na tundu, ibaki nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe. Kabla ya kuanza fundi athibitishe kwamba ni kioo cha kawaida cha dirisha. Kioo kilichokazwa kwa moto, kama cha madirisha ya pembeni ya gari, hakitobolewi. Kinasambaratika chote vipande vidogo mbele ya macho yako.

Ndani ya kila tundu kinapita kiungo chenye uzi, nati na mpira, kilekile kinachofungwa kwenye matangi ya plastiki. Mpira ukae upande wa maji, nati ikazwe kwa mkono na robo mzunguko zaidi, isipite hapo.

Mbele ya matundu hayo mawili, ndani ya akwariamu, gundisha kisanduku kidogo cha kioo kisicho na mfuniko: urefu sentimita 20, upana 10, kina 15. Ukingo wake wa juu ndio mdomo wa Lukuga yetu. Uwe sentimita 5 chini ya ukingo wa akwariamu. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Silikoni nyingi za bafuni zinayo, soma maandishi kwenye bomba lake au mwombe mtoto anayesoma vizuri Kifaransa akusomee. Iache ikauke siku tatu nzima. Najua wateja watauliza samaki wamekwenda wapi, lakini siku tatu ni siku tatu. Juu ya ukingo weka kipande cha plastiki kilichokatwa meno kama ya kitana, nafasi za milimita 5 au 6, ili samaki wadogo wasivuke. Usiweke chandarua cha matundu madogo. Kinajaa utando ndani ya siku chache, na hapo umeziba Lukuga kwa mkono wako.

Ndani ya kisanduku, kwenye tundu la kwanza weka kiwiko cha tuyo kinachotazama chini, mdomo wake ukifika karibu na sakafu ya kisanduku, sentimita 3 hivi juu yake. Kwenye tundu la pili weka kiwiko kinachotazama juu, na kipande cha tuyo mpaka mdomo wake uwe sentimita 3 chini ya ukingo wa kisanduku. Viwiko hivi viwili visipakwe kole. Viingie kwa kukaza tu, ili uweze kuvitoa na kuviosha. Hata vikivuja tone, vinavuja ndani ya maji.

Nje, kila tundu lina tuyo yake inayoshuka mpaka sanduku la chini. Huko nje kole ni lazima. Ya kwanza ina robine ya mkono, ile inayofunguka kwa robo mzunguko, iliyowekwa chini karibu na sanduku ambapo mkono unafika. Msizikutanishe tuyo hizo mbili kuwa moja huko chini hata kama fundi anataka kuokoa mita moja ya plastiki. Zikikutana, zinaziba pamoja.

Mwisho wa tuyo ya kwanza uzame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya sanduku la chini. Ukiwa nje ya maji, utasikia mmwagiko. Ukizama sana, hewa iliyo ndani wakati wa kuanza haiwezi kujisukuma nje, na tuyo inabaki ikicheua. Ya pili iishie juu kidogo ya maji, tunataka isikike.

Kelele ndogo zinazobaki zinamalizwa haraka. Maji yanayovuka meno yasianguke mbali: ukiwa umerekebisha robine vizuri, ndani ya kisanduku maji yatasimama sentimita 3 au 4 chini ya ukingo, na mwanguko huo ni mnong'ono tu. Pompi isimame juu ya kipande cha sponji, isiguse kioo. Sanduku la chini lisikae juu ya bati au ubao uliolegea, maana ubao unaimba kama ngoma.

Sasa namna ya kuwasha. Fungua robine yote, washa pompi. Dakika ya kwanza au ya pili patakuwa na vurugu: mapovu yanatoka chini kwa nguvu. Hewa ikishatoka, tuyo ya kwanza itameza maji yote ya kisanduku na kuanza kunyonya hewa. Hapo anza kufunga robine kidogo kidogo, unene wa ukucha kila mara, kisha subiri dakika tano. Ukiona maji ndani ya kisanduku yanashuka, funga kidogo. Yakipanda mpaka kuingia tuyo ya pili kwa wingi, fungua kidogo. Unatafuta mahali ambapo maji yamesimama karibu sawa na mdomo wa tuyo ya pili, na uzi mwembamba tu wa maji unaingia humo. Mchirizi huo unatelemka ukutani mwa tuyo bila sauti na unasawazisha tofauti ndogo za pompi, kwa hiyo huhitaji kugusa robine kila siku. Fanya kazi hii mchana wa siku isiyo na wateja. Saa nzima inaweza kuisha kabla ya kupata kimya, na ukiipata piga alama ya kalamu kwenye robine ili mtoto akiichezea ujue pa kuirudisha.

Pompi kubwa mno inafanya kila kitu kuwa kigumu. Pima yako: elekeza tuyo yake kwenye ndoo ya lita 20 iliyowekwa kwenye kimo cha akwariamu, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 72, hiyo ni lita 1,000 kwa saa, inatosha kwa akwariamu hii. Ikijaa kwa sekunde 30, inaleta lita 2,400, na mimi ningeiuza ninunue ndogo, hata kwa ajili ya umeme peke yake.

Nimefika kwenye umeme, na hapa naomba tuchukue kalamu pamoja. Akwariamu ni sentimita 100 kwa 40, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 4.

Umeme ukikatika, pompi inasimama lakini maji yanaendelea kushuka mpaka yafike kwenye ukingo wa kisanduku. Wakati wa kazi maji yalikuwa kama sentimita moja juu ya ukingo: hizo ni lita 4. Kisanduku chenyewe kinamwaga yaliyomo, hayazidi lita 3. Ndani ya tuyo mna lita moja hivi. Jumla lita 8. Sanduku la chini liwe na nafasi ya kuyapokea. Kama fundi amekutengenezea la kioo lenye urefu wa sentimita 60 na upana 35, kila sentimita ni lita 2.1, acha sentimita 8 tupu juu wakati pompi inafanya kazi, na una nafasi ya lita 16 na zaidi, mara mbili ya unayohitaji.

Lakini kuna mwizi mmoja. Tuyo inayopandisha maji, pompi ikisimama, inageuka kuwa mrija wa kunyonya kwa kurudi nyuma. Kama mdomo wake umezama sentimita 10 ndani ya akwariamu, itateremsha maji hizo sentimita 10, yaani lita 40, na utalala ndani ya dimbwi. Weka mdomo wake karibu na uso wa maji, na toboa kitundu cha milimita 4 kwenye tuyo hiyo, sentimita moja tu chini ya maji. Maji yakishuka hapo, kitundu kinanyonya hewa na kurudi nyuma kunakatika. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi nyingi za mawe zinazoacha ukoko mweupe, kama mnavyouona kwenye sufuria, kwa hiyo kitundu hicho kichokonolewe kwa kijiti kila Jumamosi. Ni kazi ya nusu dakika.

Upande wa pili wa hesabu ni huu: tuyo zote mbili zikiziba siku moja na pompi ikiendelea kupandisha, nini kitatokea? Jibu linategemea chumba cha pompi. Gawa sanduku la chini kwa ukuta wa kioo, sponji upande mmoja, pompi upande mwingine. Chumba cha pompi kikiwa na sentimita 35 kwa 25, na maji yaliyo juu ya mdomo wa pompi yakiwa sentimita 12, pompi haiwezi kupandisha zaidi ya lita 10 na nusu kabla ya kufika kwenye hewa. Juu, kati ya maji na ukingo wa akwariamu, mna sentimita 4, yaani nafasi ya lita 16. Kumi na nusu zinaingia, hakuna kinachomwagika. Pompi italia ikiwa kavu, pengine itaungua, na hiyo ni hasara ya pompi. Kabla ya kununua cho chote fanya hesabu hii kwa vipimo vya akwariamu yako mwenyewe, si kwa vyangu.

Mtu wa nyumbani anaweza kuiharibu hesabu yote kwa nia njema. Chumba cha pompi ndicho kinachopungua kwa jua, na wakati wa joto kitahitaji kujazwa karibu kila siku. Piga mstari mwekundu kwenye kioo, kimo cha maji wakati pompi inafanya kazi, na kijazwe mpaka hapo wakati huo tu. Umeme ukiwa umekatika sanduku la chini linaonekana limejaa, umeme ukirudi linaonekana limepungua. Mtoto anayejaza bila kujua atakuwa ameongeza maji ambayo hayana pa kwenda usiku unaofuata. Na maji ya bomba yenye klore yalale siku moja kwenye ndoo wazi kwanza.

Ralonji iangikwe ukutani, juu kuliko maji, kamwe isikae sakafuni. Waya wa pompi ushuke chini kuliko mahali pa kuchomekea, halafu upande tena: tone likifuata waya litaanguka pale penye kona, halitaingia kwenye umeme. Kabla ya kuingiza mkono majini, chomoa. Kila mara.

Samaki wenyewe wanaweza kuvumilia masaa kadhaa bila pompi kama si wengi mno. Usiwape chakula umeme ukiwa hakuna, na ukichelewa sana chota maji kwa kikombe na uyamwage toka juu mara kadhaa ili yapate hewa.

Wengine wataniuliza kuhusu njia ya kutotoboa kioo, ile tuyo iliyopindwa inayopita juu ya ukingo na kunyonya maji kwenda nje. Nimeona inafanya kazi, na kwenye mji ambapo umeme haukatiki labda inatosha. Inategemea tuyo ibaki imejaa maji daima. Mapovu madogo yanajikusanya pale juu kwenye kona, na siku moja, umeme unaporudi, tuyo ina hewa, haianzi tena kunyonya, lakini pompi inaanza bila shida. Kwetu kila umeme unapokatika ni mtihani mpya kwa tuyo hiyo. Siipendi kwa nyumba wanamolala watoto chini kwenye mkeka. Aliye nayo tayari asiitupe leo. Apunguze kwanza maji ya chumba cha pompi kwa ile hesabu ya lita 10 na 16, halafu aendelee kukusanya franka za fundi.

Yaya amesema atamwita fundi juma la pili la mwezi ujao, saloni ikiwa imefungwa. Anayetaka kuona tundu linavyotobolewa amwambie mama katibu baada ya mkutano wa Jumamosi, wasizidi watano, nyumba ni ndogo. Wiki ijayo narudi kwenye zile karatasi tatu za mboji.